Kibali cha kazi Malawi: Mkimbizi atakiwa kambini, mgeni atakiwa mjini

WAFANYABIASHARA na wasafirishaji wanaotumia barabara kuu ya M1, kutoka mpaka wa Kasumulu na Songwe hadi Lilongwe, wanafahamu kwamba Kiswahili hakiishii Karonga. Ukishapita Kasungu na kuingia Wilaya ya Dowa, kuanzia Madisi hadi Mponela, utakuta fundi, muuza vitenge au mwenye kibanda cha chakula anayekujibu kwa Kiswahili cha Bukavu, Uvira au Bujumbura.

Wengi wa watu hao wametoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Dowa, umbali usiofika kilomita 50 kutoka katikati ya Lilongwe. Kwa miaka mingi wamekuwa kiungo cha biashara kati ya Malawi na nchi zinazozungumza Kiswahili. Wanajua lugha ya dereva, wanajua Kichewa cha soko, na wanajua nani ana mzigo na nani anautafuta.

Tatizo ni karatasi. Mtu anaweza kuwa ameishi Malawi miaka 15, akawa na duka, wateja na watoto wanaosoma shule za hapo, lakini mbele ya sheria akawa hana ruhusa ya kufanya kazi. Tangu msako wa mwaka 2023 suala hilo si la wakimbizi peke yao. Linamgusa Mtanzania aliyempa mzigo wake auze, kampuni ya malori iliyomwajiri kama karani, na kila mgeni anayefikiria kufungua ofisi Lilongwe.

Gereza lililogeuka kambi

Dzaleka lilikuwa gereza wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda, na wapinzani wa kisiasa walifungwa hapo. Jina lenyewe kwa Kichewa hutafsiriwa kuwa "sitarudia tena". Mwaka 1994, utawala wa chama kimoja ulipokwisha na vita vikiwa vimepamba moto katika nchi za Maziwa Makuu, eneo hilo likafanywa kambi ya wakimbizi.

Lilipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo lina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha. Ndani ya kambi kuna soko kubwa, maduka, saluni, mafundi cherehani, migahawa na vibanda vya simu, na wanavijiji wa Dowa huenda huko kununua na kuuza.

Hata hivyo soko la kambi lina kikomo chake. Mnunuzi ni mkimbizi mwenzako anayetegemea posho au chakula cha msaada, na misaada hiyo imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka. Mwenye mtaji kidogo akikaa kambini mtaji unaliwa. Ndiyo sababu watu walitoka wakafungua maduka Lilongwe na katika miji midogo ya kando ya barabara.

Sheria inasemaje

Ili kuelewa ugumu wa kibali ni lazima kurudi mwaka 1987, Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unaohusu hadhi ya wakimbizi. Malawi iliukubali mkataba huo lakini iliweka masharti yake kwenye vifungu kadhaa. Viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyomgusa mfanyabiashara.

Cha kwanza ni kifungu cha 17, kinachohusu kazi ya mshahara. Mkataba unasema mkimbizi aliyekaa nchini miaka mitatu, au aliyeoa au kuolewa na raia, au mwenye mtoto ambaye ni raia, asibanwe na vikwazo vya ajira vinavyowekewa wageni. Malawi ilisema haifungwi kumwondolea mtu huyo wajibu wa kupata kibali cha kazi, na kwamba haitampa mkimbizi haki ya ajira iliyo bora kuliko ile ya mgeni mwingine yeyote.

Cha pili ni kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kwenda na kukaa. Hapo Malawi ilijiwekea haki ya kuamua mkimbizi akae wapi na kumzuia asitembee pale usalama wa taifa au utulivu wa nchi unapodai hivyo.

Ikumbukwe kwamba wakati ule Malawi ilikuwa inapokea watu kutoka Msumbiji kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi yao ilizidi milioni moja, katika nchi ndogo na maskini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1989 ilitungwa katika hali hiyo. Ilikuwa sheria ya kupokea watu watakaorudi kwao vita vikiisha, na Wasumbiji wengi walirudi kweli. Haikutungwa kwa ajili ya Mkongo atakayekaa miaka 20 na kutaka leseni ya duka.

Kwa upande mwingine, Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 ina kifungu cha 29 kinachosema kila mtu ana haki ya kufanya shughuli za kiuchumi, kufanya kazi na kujitafutia riziki mahali popote nchini. Kifungu cha 39 kinazungumzia haki ya kila mtu kwenda na kuishi popote ndani ya mipaka ya nchi. Neno lililotumika ni "kila mtu", si "kila raia". Hapo ndipo mawakili wa wakimbizi hushika hoja yao, na serikali hujibu kwa kutumia masharti ya mwaka 1987 pamoja na sheria za uhamiaji.

Msako wa mwaka 2023

Mvutano huo uliingia mahakamani mwaka 2021. Serikali iliwaagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo Aprili 28 mwaka huo. Wakimbizi walikimbilia Mahakama Kuu na utekelezaji ukasimamishwa kwa muda.

Machi 27, 2023 agizo lilirudi kwa nguvu, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Ken Zikhale Ng'oma. Wakimbizi walipewa hadi Aprili 15 wawe wamerudi kambini kwa hiari. Katikati ya Mei polisi na maofisa wa uhamiaji walianza msako Lilongwe na kwingineko. Mamia ya watu walikamatwa, maduka yalifungwa, na wengine, wakiwemo watoto, walipitishwa katika Gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka.

Kibiashara, hasara ilikuwa kwenye bidhaa na madeni. Mwenye duka anayekamatwa asubuhi hapati nafasi ya kuuza stoo yake kwa bei ya kawaida. Ama anauza kwa bei ya kutupa, ama anamwachia jirani, ama mali inaibwa. Mtu wa Tunduma, Mbeya au Kariakoo aliyempa mzigo kwa mali kauli anabaki na daftari lenye majina na namba za simu zisizopokelewa.

Mali kauli inategemea kuaminiana, na kuaminiana kunategemea kujua mtu anapatikana wapi. Mkopeshaji akishajua kwamba mteja wake anaweza kuondolewa dukani siku yoyote, anadai fedha taslimu au anapandisha bei kufidia hatari. Mzigo wa ukosefu wa kibali hivyo unafika hadi kwa mnunuzi wa mwisho, ambaye ni Mmalawi.

Kambini au mjini?

Kuna sheria nyingine ambayo wasafirishaji wengi hawaijui. Mwaka 2012 Bunge la Malawi lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyolenga kuwatoa wafanyabiashara wa kigeni katika miji midogo na vijijini, na kuwaweka katika miji minne mikubwa ya Lilongwe, Blantyre, Mzuzu na Zomba. Wakati ule waliolengwa zaidi walikuwa Wachina waliokuwa wameingia na maduka ya rejareja hadi kwenye vituo vya vijijini.

Ukiweka sheria hiyo kando ya sera ya kambi, mkanganyiko unajitokeza wazi. Kama mgeni, mkimbizi anatakiwa afanye biashara mjini. Kama mkimbizi, anatakiwa akae Dzaleka, ambako ni kijijini. Akifungua duka Lilongwe anavunja sera ya kambi. Akifungua Madisi, karibu na kambi na kando ya barabara kuu, anakuwa nje ya kambi na pia nje ya miji iliyotengewa wageni. Mahali pekee anapovumiliwa ni ndani ya soko la Dzaleka.

Madisi kwa hiyo ni mfano mzuri wa tatizo. Ni kituo cha biashara katikati ya eneo la kilimo, malori yanapita usiku na mchana, na ni mahali ambapo mtu mwenye akili ya biashara angependa kuwa na ghala au gereji. Lakini kwa mgeni asiye na leseni, awe Mkongo wa Dzaleka au Mtanzania mwenye pasipoti safi, ni mahali pa hatari kuliko Lilongwe.

Vibali vyenyewe

Malawi ina aina kuu mbili za vibali vinavyomhusu mtu wa biashara, na kila kimoja kina njia yake.

Cha kwanza ni kibali cha ajira ya muda. Anayekiomba ni mwajiri kwa niaba ya mfanyakazi. Kampuni inatakiwa kueleza kazi yenyewe, kuonyesha kwamba ilimtafuta Mmalawi mwenye sifa ikamkosa, na kueleza jinsi raia atakavyofundishwa ili baadaye achukue nafasi hiyo. Maombi huambatana na nakala ya pasipoti, vyeti vya elimu vilivyothibitishwa, maelezo ya uzoefu wa kazi na hati ya polisi kuonyesha mwombaji hana rekodi ya uhalifu. Kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili na kinaweza kuhuishwa. Kinafungwa kwenye kazi na mwajiri aliyetajwa, hivyo anayehamia kampuni nyingine huanza upya.

Cha pili ni kibali cha ukaazi kwa ajili ya biashara. Hiki ni cha mwenye mtaji wake. Anatakiwa kusajili kampuni, kuwa na namba ya mlipakodi, kuonyesha mpango wa biashara na kuthibitisha kwamba mtaji wake uliingia nchini kwa fedha za kigeni kupitia benki. Kituo cha Uwekezaji na Biashara cha Malawi, kinachojulikana kwa kifupi MITC, kina dawati la pamoja linalomsaidia mwekezaji kupita kwenye idara hizo bila kuzunguka mji mzima.

Kwa mkimbizi, kila hatua hapo ina kikwazo. Pasipoti hana, au aliyonayo imekwisha muda na hawezi kwenda ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Vyeti vya shule vilibaki Uvira au viliungua. Mtaji wake haukupitia benki, aliujenga kwa kuuza vitumbua na vocha kambini, kwa kwacha. Mwajiri naye anatakiwa athibitishe kwamba hakuna Mmalawi anayeweza kazi ya ukarani, udereva au uuzaji wa duka, jambo ambalo karibu haliwezekani.

Walioweza kupenya kwa kawaida ni watu wenye taaluma adimu, kama waganga na walimu wa masomo ya sayansi. Mfanyabiashara mdogo hayumo katika kundi hilo. Katika orodha ya vibali vya Malawi hakuna daraja lililotengwa kwa ajili ya mkimbizi peke yake.

Majirani wanafanyaje

Nchi za Kiswahili zimechagua njia tofauti, na si zote ni nyepesi.

Uganda, kupitia Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara na kuishi nje ya makazi. Kenya ina daraja M la kibali cha kazi kwa wakimbizi, lisilotozwa ada, na ilitunga Sheria mpya ya Wakimbizi mwaka 2021. Hata hivyo kupata karatasi yenyewe bado ni safari ndefu kwa watu wa Kakuma na Dadaab.

Tanzania ilitunga mwaka 2015 sheria ya kusimamia ajira za wageni, ambayo ilitenganisha kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Ndani ya sheria hiyo kuna daraja E kwa ajili ya wakimbizi, ingawa sera ya kambi za Kigoma inabana utekelezaji wake.

Lakini Mtanzania anayeilaumu Malawi akumbuke pia kilichotokea nyumbani. Julai 28, 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo biashara za rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye anaadhibiwa.

Amri hiyo ilipokelewa kwa shangwe Kariakoo na kwa malalamiko Nairobi, kwa kuwa Kenya na Tanzania ziko pamoja katika Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 2010. Malawi haimo kwenye jumuiya hiyo. Iko SADC pamoja na Tanzania, na iko COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Itifaki ya SADC ya kurahisisha usafiri wa watu ilisainiwa mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi haikuridhiwa na nchi za kutosha kuanza kutumika. Kwa hiyo Mtanzania aliyeko Lilongwe hana mkataba wa kikanda wa kumpa haki ya kufanya kazi. Ana ruhusa ya kuingia bila viza kama mgeni, kwa kawaida kwa siku 30 za mwanzo, basi.

Msafirishaji anaguswa wapi

Dereva wa lori lenye namba za Tanzania anayeleta shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam na kurudi hahitaji kibali cha kazi cha Malawi. Anaingia kwa pasipoti na nyaraka za gari na mzigo. Matatizo huanza anapofanya jambo zaidi ya hilo.

Kwanza, kubeba mzigo wa ndani. Lori la kigeni linaloshusha Lilongwe na kupakia mzigo wa kupeleka Mzuzu linafanya usafirishaji wa ndani, ambao umetengwa kwa magari ya nchi yenyewe. Dereva hapo anaweza kuhesabiwa kuwa anafanya kazi bila kibali, na gari likazuiliwa.

Pili, kuweka mtu. Kampuni nyingi huanza na kijana mmoja Lilongwe wa kupokea magari, kufuatilia forodha na kulipa mafuta. Aliingia kama mgeni wa siku 30, akaongeza muda, kisha akabaki. Huyo anafanya kazi, hata kama mshahara analipiwa Dar es Salaam. Maofisa wa uhamiaji huangalia kazi inakofanyika, si mshahara unakotoka.

Tatu, kumwajiri mtu wa Dzaleka. Anavutia kwa sababu anajua Kiswahili, anajua mji na hana gharama kubwa. Lakini kumpa kazi mtu asiye na kibali kunamweka mwajiri hatarini pamoja naye. Tena mkimbizi akitoka kambini bila ruhusa ya maandishi kosa linakuwa mara mbili, na gharama ya kukamatwa kwake ni kubwa kuliko ya mgeni wa kawaida. Mtanzania atarudishwa Kasumulu. Mkimbizi hana kwao pa kurudishwa.

Nne, abiria. Desturi ya dereva kumpa mtu lifti kwenye M1 imekuwa ya hatari. Machi 2020 miili 64 ya Waethiopia ilikutwa ndani ya kontena la lori huko Tete, Msumbiji, lori lililokuwa limetoka Malawi. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lenye miili 25, na baadaye zaidi, lilifukuliwa Mzimba. Mwaka huo huo polisi wa Malawi na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayopambana na uhalifu, UNODC, walitangaza kufichua mtandao wa biashara ya binadamu ndani ya Dzaleka. Tangu hapo vizuizi vya polisi vinaangalia lori kwa jicho lingine, na dereva mwenye abiria asiye na karatasi hawezi kujitetea kwamba alimhurumia tu.

Hoja za pande mbili

Serikali ya Malawi haikosi hoja. Uchumi ni mdogo, vijana wasio na ajira ni wengi, na wafanyabiashara wazawa wamelalamika kwa miaka kwamba wageni wanawazidi kwenye rejareja. Viongozi wametaja pia usalama, wakisema miongoni mwa wanaojiita wakimbizi wamo waliokimbia mashitaka kwao.

Isitoshe, nchi iko katika uhaba mkali wa fedha za kigeni. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja, na pengo kati ya bei ya benki na bei ya mitaani limebaki kubwa. Serikali inaona kila mfanyabiashara wa kigeni asiyepitia benki kuwa ni mtu anayezidisha pengo hilo.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, lakini pia ndiyo inayojipinga yenyewe. Mtu asiye na kibali hapati leseni. Asiye na leseni hafungui akaunti ya biashara. Asiye na akaunti hununua dola mitaani, huleta bidhaa kwa njia za panya na halipi kodi. Serikali inamfukuza mtu kwa kosa ambalo mfumo wenyewe umemfungia njia ya kuliepuka. Akirudishwa Dzaleka anaacha kununua na kuuza, na anaingia kwenye foleni ya msaada usiotosha.

Hali ya kutoaminiana kati ya Malawi na Tanzania nayo haisaidii. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa za Tanzania kama unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, pamoja na ya Afrika Kusini. Ilichukua mazungumzo ya mawaziri mwanzoni mwa Mei kufungua tena njia. Waliolala mpakani na nyanya na ndizi zikioza si mawaziri, ni wenye malori.

Mfanyabiashara afanye nini

Kutokana na hali hiyo, mtu anayefanya biashara na Malawi ana mambo kadhaa ya kuzingatia kabla fedha haijatoka mfukoni.

Atenganishe ziara na kazi. Kuja kukagua mzigo, kukutana na mteja na kusaini mkataba ni ziara. Kukaa dukani, kuuza au kusimamia wafanyakazi ni kazi, na inahitaji kibali hata kama ni ya wiki tatu.

Aombe kibali kabla ya kuanza kazi, si baada. Kuingia kama mgeni kisha kubadilisha hadhi ukiwa ndani ndiko kunakowapa vishoka nafasi. Kishoka huchukua pasipoti na fedha, huleta muhuri, na mwenye pasipoti hugundua kwenye kizuizi cha polisi kwamba muhuri huo haumo katika kumbukumbu za idara. Ada ilipwe kwa risiti ya serikali, na jina la mwombaji lihakikiwe ofisini.

Achague wakala raia. Kwa kampuni ndogo ya malori, kuingia mkataba na wakala wa Kimalawi mwenye leseni ya forodha ni nafuu kuliko kuhangaikia kibali cha karani mmoja.

Aandike mkataba wa mali kauli. Anayempa mzigo mteja wa Dzaleka aweke kwa maandishi mali iko wapi, ni ya nani mpaka ilipwe, na nani Mmalawi ataichukua mwenye duka akiondolewa. Karatasi hiyo haimfanyi mkimbizi kuwa na kibali, lakini inazuia mali ya mtu mwingine kuhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kabla ya kufungua ghala Madisi, Mponela au Kasungu, aulize mamlaka ya leseni kama eneo hilo linaruhusiwa kwa mgeni.

Njia iliyobaki

Kwa wakimbizi wenyewe nafasi ya wazi kwa sasa ni soko la kambi, na si nafasi ndogo kama inavyodhaniwa. Watu zaidi ya 50,000 ni mji. Mfanyabiashara wa Mbeya anaweza kuuza Dzaleka kupitia Mmalawi mwenye leseni, na mkimbizi akanunua kwa jumla bila kuondoka kambini. Kinachokosekana ni serikali kuitambua biashara hiyo rasmi, kwa leseni ndogo, kodi ndogo na ruhusa ya kutoka ya muda mrefu kwa mwenye leseni.

Jambo hilo halihitaji Malawi ifute masharti yote ya mwaka 1987 kwa siku moja. Lingetosha daraja moja la kibali kwa mkimbizi aliyekaa muda fulani, linalokubali kitambulisho cha ukimbizi badala ya pasipoti, na linalotaja wilaya ya Dowa kuwa mahali anaporuhusiwa kufanya biashara. Hapo Madisi ingekuwa ndani ya sheria, na mwenye duka angeweza kufungua akaunti, kulipa kodi na kumlipa aliyemkopesha.

Mpaka siku hiyo itakapofika, kila duka lililoandikwa kwa Kiswahili kando ya M1 litabaki kuwa deni lisilo na dhamana. Mkopeshaji aliye Tunduma au Mbeya analijua hilo, ndiyo maana siku hizi kabla ya kuuliza bei anauliza kwanza kibali.